Dak Prescott ni bonge la mchezaji au anabebwa na jezi? Jibu kwa ndugu yetu wa Grand Prairie

Swali: "Shikamoo kocha. Mi niko Grand Prairie hapa Texas, nafanya kazi ghalani, na kila Jumatatu asubuhi watu hawana stori nyingine zaidi ya Dak. Nusu wanasema jamaa ni bonge la mchezaji, nusu wanasema ndo mkosi wa Cowboys, timu ya Dallas. Mi nimekulia kwenye Simba na Yanga, huu mpira wa Kimarekani nimeanza kuuelewa juzijuzi tu. Naomba ukweli, Dak Prescott ni mzuri kweli? Kasoro zake zipi? Na Cowboys watabaki naye au watamtema? Mwanangu anataka jezi yake, naogopa kununua kitu cha bei halafu mwenyewe anaondoka."

Marahaba mdogo wangu. Nianze na la jezi manake ndo jepesi: nunua. Dak ana mkataba mpaka msimu wa 2028, na ndani ya huo mkataba kuna kipengele kinasema timu haiwezi kumpeleka kokote bila yeye mwenyewe kukubali, sa mtoto atakuwa ameshaikua hiyo jezi kabla jamaa hajahama. Ukitaka ya tahadhari zaidi nunua ya CeeDee Lamb, mpokeaji wake mkuu wa pasi, namba 88, naye kafungwa mpaka 2028. Haya mengine ndo yanataka tukae chini tuongee.

Dak ni kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, na ni mzuri, mzuri kabisa, na mtu akikwambia jamaa hajui mpira usipoteze muda wako hapo ghalani kubishana naye. Ila ana kasoro moja kubwa ambayo watu wanaikosea mahali. Wanasema anatetemeka mwisho wa mechi, presha ikipanda. Mi nimeziangalia zile mechi zake za mtoano moja baada ya nyingine na kwa macho yangu tatizo liko mwanzo wa mechi, siyo mwisho. Nitakuonyesha.

Kwanza ujue alikotoka, manake inasaidia kuelewa kwa nini watu wa Dallas wanampenda na kumchukia kwa wakati mmoja. Alichukuliwa kwenye drafti ya 2016, ule mgao ambao timu zinachagua vijana wapya kwa zamu, raundi ya 4, mtu wa 135, akitokea chuo cha Mississippi State. Cowboys wenyewe hawakuwa wanamtaka yeye. Walikuwa wanamfukuzia Paxton Lynch, Denver wakawawahi, wakageukia kwa Connor Cook, Raiders nao wakawawahi, ndo wakaishia kwa Dak. Akaja kama kijana wa kukaa benchi ajifunze kwa Tony Romo, kwotabeki wao wa siku nyingi. Agosti hiyohiyo Romo akaumia mgongo kwenye mechi ya maandalizi kule Seattle, Dak akaingia, timu ikashinda mechi 13 kati ya 16, yeye akarusha pasi 23 za tachidauni, yaani mabao, na kunyang'anywa mpira hewani mara 4 tu msimu mzima, akachukua tuzo ya mchezaji bora chipukizi. Pasi zake 176 za kwanza kwenye ligi hakuna hata moja iliyodakwa na adui, akavunja rekodi aliyokuwa ameishikilia Tom Brady. Romo hakurudi tena kwenye nafasi yake, mwaka uliofuata akastaafu akaenda kutangaza mpira kwenye TV.

Yaani fikiria, mtu wa raundi ya 4, mshahara kiduchu wa mkataba wa kwanza, anakuletea ushindi 13. Hiyo ndo hadithi Dallas waliyoizoea kuhusu Dak, kitu kizuri kwa bei ya chee. Bei ilipobadilika na macho ya watu yakabadilika.

Sasa uzuri wake. Jumapili ijayo ukikaa kuangalia, usiangalie mpira. Muangalie Dak zile sekunde kumi kabla mpira haujatolewa. Utaona ananyoosha kidole kwa lainbeka mmoja, mlinzi wa safu ya katikati wa upande wa pili, na kumtaja, pale anawaambia wale watano wa ukuta wake kwamba hesabu ya nani amzuie nani inaanzia kwa yule. Kisha anaangalia mabeki wa mwisho wawili, wale wako nyuma kabisa. Wakiwa wawili juu maana yake wanalinda pasi ndefu, mmoja akianza kushuka taratibu huku anajifanya hana habari, mchezo umebadilika, pengine kuna mtu anakuja kumvamia Dak. Hapo jamaa anapiga kelele, anamhamisha mkimbiaji wake kutoka kulia kuja kushoto amzuie yule mvamizi, anabadilisha mchezo uliotoka kwa kocha, halafu ndo unasikia ile sauti yake ambayo maikrofoni za TV zinaidaka kila wiki, "Here we go!" Na hata hiyo sauti ni silaha, anaicheza, mara aikaze mara aivute, difensi, yaani upande unaolinda, wanaruka kabla ya wakati, wanakatwa yadi 5 za bure.

Hiyo kazi ya kabla ya mpira kutoka ndo kipaji chake namba moja. Kwenye ligi nzima ni wachache wanaifanya vizuri kuliko yeye. Ukimuonyesha difensi aliyoisoma wiki nzima, mpira unatoka mkononi mapema, unamkuta Lamb katikati ya uwanja akiwa bado anakimbia, hahitaji kusimama wala kurudi nyuma, anaudaka anaendelea na safari. Pasi za yadi 10 mpaka 20 za katikati, hizo ni zake. Anajua pia kusogea ndani ya ukuta bila kukimbia, hatua moja mbele, nusu hatua kushoto, macho bado yako mbali kwa wapokeaji. Watu wengi hawaoni hiki kitu manake kamera inafuata mpira, lakini ndo tofauti ya kwotabeki aliyekomaa na kijana anayekurupuka kukimbia kila akiguswa bega.

Namba zinamuunga mkono, nikutajie chache tu za kwenda nazo kazini. 2019 alirusha yadi 4,902, yadi moja tu pungufu ya rekodi ya klabu ya Romo, moja! 2021 akarusha tachidauni 37, rekodi ya klabu. 2023 akaongoza ligi nzima kwa tachidauni 36 na intasepsheni 9 tu, yaani pasi zilizodakwa na adui, akamaliza wa pili kwenye kura za mchezaji bora wa ligi nyuma ya Lamar Jackson, na msimu huohuo Lamb akadaka mipira 135. Novemba 2025 akampita Romo kwa yadi za pasi za maisha yote pale Dallas. Klabu ya Staubach na Aikman hiyo, makwotabeki wakubwa wa zamani, mdogo wangu, siyo timu ya mchangani.

Na chumbani kwa wachezaji wanamfuata. Amemzika mama yake, Peggy, kwa saratani ya utumbo mwaka 2013 akiwa bado chuoni, amemzika kaka yake Jace aliyejiua Aprili 2020, na mwaka uleule akajitokeza hadharani akasema kwamba alipitia wasiwasi na mfadhaiko. Kuna mtangazaji wa TV alimsema vibaya kwa hilo, kwamba kiongozi wa timu hatakiwi kuonyesha udhaifu, na wengi wakamgeukia huyo mtangazaji. Tuzo ya Walter Payton ya msimu wa 2022, ile ya mchezaji anayejitoa kwa jamii, alichukua yeye. Hii siyo sifa ya pembeni. Kocha akibadilishwa, na Dak ameshapitia Jason Garrett, Mike McCarthy na sasa Brian Schottenheimer, kinachobaki kimesimama ni yeye.

Haya, tuje kwenye kidonda.

Rekodi yake ya mtoano ni mechi 7, ushindi 2, vipigo 5. Cowboys hawajacheza fainali ya kanda yao tangu msimu wa 1995, kwa hiyo kila kipigo kinaangukia kwenye kidonda ambacho kilikuwepo Dak akiwa mtoto mdogo kule Louisiana. Watu wanamtwisha na ya wazee. Lakini angalia hivi vipigo vizuri, uangalie timu ilikuwaje wakati wa mapumziko. Januari 2017 na Packers, nyuma 21 kwa 13. Januari 2019 na Rams, nyuma 20 kwa 7. Januari 2022 na 49ers, nyuma 16 kwa 7. Januari 2023 na 49ers tena, nyuma 9 kwa 6. Januari 2024 na Packers, nyuma 27 kwa 7. Tano kwa tano. Na zile mbili alizoshinda, ya Seahawks Januari 2019 na ya Tampa Bay Januari 2023, ile iliyomstaafisha Brady, zote mbili Dallas walikuwa mbele mapumziko, ya Tampa walikuwa mbele 18 kwa 0.

Sijasema yote ni makosa ya Dak, mechi saba ni chache na difensi nayo inahusika. Ila ukirudia hizo nusu za kwanza unaona kitu kilekile kinajirudia. Mpinzani mzuri anakuja na sura ambayo Dak hakuisoma wiki nzima. Ile hesabu yake ya kabla ya mpira inampa jibu la uongo, anaona beki wawili juu, mpira ukitoka mmoja ameshashuka. Na yeye badala ya kuutupa nje au kuchukua zile yadi 3 za usalama anaendelea kuliamini jibu lake la kwanza. Miguu inaacha kutulia, anarusha akiwa ameegemea nyuma, mpira unakosa nguvu kidogo tu, na kwenye ligi hii kidogo tu inatosha.

Ile ya Packers Januari 2024 pale Arlington ndo darasa. Dallas walikuwa nyumbani, msimu mzima hawajafungwa nyumbani, Packers waliingia kama timu ya 7, ya mwisho kabisa upande wao, na hakuna timu ya 7 iliyokuwa imewahi kushinda mechi ya mtoano tangu mfumo huo uanze. Pasi ya Dak ikadakwa mara ya kwanza na Jaire Alexander wa Packers. Kisha robo ya pili inaelekea mwisho, 20 kwa 0, Dak akarusha pasi ya katikati, Darnell Savage beki wa mwisho akaja kwa kasi kama vile alikuwa ameambiwa, akaudaka mbele ya mpokeaji na kukimbia nao yadi 64 mpaka mwisho. 27 kwa 0. Uwanja mzima kimya, kamera ikampiga Jerry Jones, mwenye timu, kule juu kwenye boksi lake. Mechi iliisha 48 kwa 32, na ukisoma takwimu tu utakuta Dak alirusha yadi 403 na tachidauni 3, utasema mbona alicheza vizuri. Sehemu kubwa ya hizo yadi zilikuja Packers wakiwa wameshaanza kucheza na saa. Kwa hiyo mtu yeyote anayekuletea hizo 403 kama utetezi mwambie hapana, na mtu anayekwambia Dak alitetemeka mwisho naye mwambie hapana, mwisho wa mechi ndo alianza kucheza.

Manake hii ndo inayochanganya. Akiwa nyuma sana, mpango umeshatupwa, hana cha kupoteza, Dak anakuwa mtu mwingine, anarusha bila kufikiria mara mbili. Ile ya 2017 akiwa chipukizi alitoka 21 kwa 3 akaisawazisha 28 kwa 28 mbele ya Aaron Rodgers, wakaja kufa kwa teke la sekunde za mwisho. Novemba 2025 Eagles waliwatangulia 21 kwa 0, akageuza wakashinda 24 kwa 21, siku nne baadaye kwenye Thanksgiving wakawapiga Chiefs 31 kwa 28. Mtu mwoga hafanyi hivo. Tatizo ni kwamba akiwa na mpango anaushikilia sana, na wapinzani wenye makocha wazuri kama wa 49ers wanajua hilo.

(Ile ya Januari 2022, Dak kukimbia katikati sekunde 14 zimebaki hana muda wa kusimamisha saa, mpaka refa anahangaika kuuweka mpira na muda unaisha, hiyo watu wataisimulia miaka yote na ilikuwa kituko kweli. Ila mchezo ulitoka kwa makocha na timu ilikatwa adhabu 14 siku ile. Mi simtwishi yeye hiyo peke yake.)

Kasoro ya pili ni mwili. Oktoba 11, 2020 dhidi ya Giants kifundo cha mguu wa kulia kilivunjika na kuteguka, mfupa ukatoka nje ya ngozi, alitolewa kwa gari machozi yanamtoka. 2022 mechi ya kwanza tu akavunjika kidole gumba cha mkono anaorushia, akarudi, na msimu huo pasi zake zikadakwa na adui mara 15 kwenye mechi 12, hakuna aliyemzidi kwenye ligi. Novemba 2024 kule Atlanta msuli wa nyuma ya paja ukachanika kutoka kwenye mfupa, upasuaji, msimu umeisha baada ya mechi 8. Misimu yake mitatu ya kwanza alikuwa anafunga tachidauni 6 za kukimbia kila msimu, sita sita sita. Tangu kile kifundo hajawahi kufika hata karibu. Zamani difensi walikuwa wanamuwekea mtu wa kumlinda asikimbie, siku hizi hawajisumbui, huyo mtu wa ziada wanamtupa kwenye kulinda pasi. Ndo maana nusu za kwanza zimekuwa ngumu zaidi kwake kadri umri unavokwenda, Julai 2026 anafikisha 33.

Mkono wake ni mzuri wa kutosha, siyo bunduki. Josh Allen, kwotabeki wa Buffalo, anaweza kuchelewa halafu akafidia kwa nguvu, Dak akichelewa kachelewa. Hapo sina zaidi.

Sasa kwa upande wa timu tuwe wakweli. 2024 walishinda 7 wakafungwa 10, 2025 walimaliza 7, vipigo 9 na sare 1, mtoano waliuangalia kwenye TV misimu yote miwili. Ile 2025 ukimlaumu Dak unamuonea. Ofensi, yaani upande unaoshambulia, ilikuwa kati ya bora za ligi, walimleta George Pickens kutoka Pittsburgh akavuka yadi 1,000, Javonte Williams naye akavuka 1,000 kwa kukimbia, na difensi ilikuwa inavuja vibaya mno. Septemba wakapata pointi 40 dhidi ya Packers wakatoka sare 40 kwa 40. Wiki mbili kabla ya hapo wakafunga 40 dhidi ya Giants wakahitaji dakika za nyongeza kushinda, tena aliyewaokoa ni Brandon Aubrey kwa teke la yadi 64 muda umeisha. Huyu Aubrey utampenda, ni mwenzetu wa soka, alikuwa beki, Toronto FC walimchukua drafti ya 2017, soka likagoma akaenda kuandika programu za kompyuta, ndo akarudi uwanjani kama mpigaji. Desemba Detroit wakawatandika 44 kwa 30, wiki iliyofuata Minnesota 34 kwa 26, ndoto ikaishia hapo. Pointi 30 ugenini ukafungwa na 14 juu, kwotabeki afanye nini tena, akakabe?

Na katikati ya yote hayo kuna Micah Parsons, nyota wa difensi, aliyepelekwa Packers mwisho wa Agosti 2025 kwa Kenny Clark na nafasi mbili za raundi ya kwanza. Hapo ghalani lazima kuna mtu anasema mshahara wa Dak ndo umemfukuza Parsons. Nikueleze huo mshahara unavofanya kazi, manake bila hapo swali lako la tatu halijibiki.

Septemba 8, 2024, asubuhi ya mechi ya kwanza kule Cleveland, Dak alisaini miaka 4 zaidi kwa dola milioni 240, yaani milioni 60 kwa mwaka, hakuna mchezaji aliyekuwa amewahi kufika hapo. Kati ya hizo 231 ni pesa ya uhakika, na 80 ni bonasi ya kusaini. NFL, ligi yenyewe, ina kikomo cha mishahara kwa kila timu, 2025 kilikuwa dola milioni 279.2, hakuna kuzidisha. Ila bonasi ya kusaini mchezaji anaichukua mapema, kwenye vitabu inagawanywa mpaka miaka 5. Kwa hiyo zile 80 Dak kashapata, timu inaandika 16 kila mwaka. Na kila mwaka wakibanwa wanaweza kuchukua mshahara wake wa mwaka huo, wakaugeuza bonasi, wakaugawa tena mbele, walifanya hivo Machi 2025. Wanapata nafasi leo, deni linasogea. Siku ukimtema mchezaji, lile deni lote ambalo halijaandikwa linakuangukia kwa mpigo. Kwa hiyo kila wakisogeza wanajifunga naye zaidi. Kumtema 2026 ni kichekesho, pesa itakayobaki kwenye vitabu ingewaacha bila timu.

Je ndo imemfukuza Parsons? Kwa sehemu ndogo. Kilichomfukuza ni tabia ya Jerry Jones ya kuchelewa. 2019 Dak angepatikana kwa bei ya kawaida, Jerry akavuta, 2020 akamlipa kwa lebo, haki ya timu kumzuia mchezaji ambaye mkataba wake umeisha kwa kumlipa mwaka mmoja, milioni 31.4, 2021 akaja kutoa milioni 160 kwa miaka 4, na Dak akahakikisha kwenye mkataba huo kwamba hawezi kuwekewa tena ile lebo. Hicho kipengele ndo kilimpa Dak panga mkononi 2024, timu haikuwa na njia ya kumzuia asiondoke bure, wakatoa walichoambiwa watoe. Lamb naye wakamchelewesha mpaka mwisho wa Agosti 2024. Parsons hivohivo, wakagombana, Packers wakampa milioni 188 kwa miaka 4. Eagles hapo jirani kwenye kundi moja walimsainisha kwotabeki wao Jalen Hurts Aprili 2023, mapema, bei ikaonekana kubwa kwa muda mfupi kisha soko likaivuka, wakabaki na pesa ya kununua watu wengine, Februari 2025 wakachukua Super Bowl, fainali kuu ya ligi. Kwa hiyo bei ya Dak ni kubwa kupita kiwango chake, nakubali, ila aliyeipandisha ni mnunuzi.

Kwa hiyo watabaki naye? 2026 bila mjadala. 2027 naona hivohivo, isipokuwa aumie vibaya tena au yeye mwenyewe achoke aombe kwenda sehemu. 2028 atakuwa na miaka 35 na hapo ndo mlango unaanza kufunguka, kama hawajasogeza deni tena, na kwa kuwajua Cowboys watalisogeza.

Wanachotakiwa kufanya na hiyo miaka miwili mitatu, kwangu mimi kiko wazi. Wa kwanza kujengwa ni difensi, na zile nafasi walizopata kwa Parsons ni za kazi hiyo, Novemba 2025 wameshaanza kwa kumchukua Quinnen Williams kutoka Jets. Difensi ikishika, Dak hatafuti pointi 40 kila wiki, na mechi kubwa hazianzi akiwa nyuma 13. Pili Schottenheimer abadilishe zile robo za kwanza za mechi kubwa: aanze na kukimbia, pasi fupi za pembeni, ampe Dak muda wa kuona difensi imekuja na sura gani kabla hajamwambia arushe katikati. Walivompiga Tampa 2023 ilikuwa karibu na hivo, Dak alipata mdundo mapema na usiku ule alikuwa hashikiki.

Na tatu waache kuokota makwotabeki wa majaribio. 2023 walitoa nafasi ya raundi ya 4 kumpata Trey Lance, hakuna kilichotoka. 2025 wakamchukua Joe Milton kutoka New England, mkono wake ni bazuka, anarusha mpira ukavuka mtaa, lakini ile kazi ya sekunde kumi kabla ya mpira kutoka, ile niliyokwambia umuangalie Dak, bado hayuko hapo na sioni dalili. Wachukue kijana kwenye drafti ya 2027, raundi ya pili au ya tatu, akae nyuma ya Dak misimu miwili amuangalie anavonyoosha kile kidole. Hata Dak mwenyewe alikuwa raundi ya 4.